Kijana Mwenye Ulemavu na Kazi: Faida ya Uanagenzi

Ndugu wakulima wa Shimba Hills, wa Diani na wa makazi mengine ya Kwale, hesabu ya ardhi mnaijua vizuri kuliko karani yeyote wa ofisi. Mzee alipewa shamba moja. Akazaa watoto sita. Leo watoto hao nao wana watoto wao, lakini shamba ni lile lile, halikuongezeka hata hatua moja. Kila mwaka mipaka mipya huchimbwa ndani ya mipaka ya zamani.

Katika kugawanya huku, mtoto mwenye ulemavu mara nyingi husahauliwa, au huambiwa, "Wewe kaa na nduguyo, atakulisha." Maneno hayo husemwa kwa huruma, wala si kwa ubaya. Lakini nduguye naye ana mke na watoto wa kulisha, na mzee hataishi milele. Siku mzee akiondoka, ahadi ile hubaki juu ya mtu ambaye pengine hakuulizwa alipowekewa mzigo huo.

Ujuzi wa kazi haugawanyiki kama shamba. Aliyefundishwa kazi ana urithi ambao hapana mtu wa kumpunguzia. Basi mwezi huu tutaeleza njia moja ya kumpa kijana mwenye ulemavu urithi huo, nayo ni uanagenzi.

UANAGENZI NI NINI?

Uanagenzi ni kujifunza kazi pale pale kazi inapofanywa, chini ya mtu anayeijua, kwa muda uliowekwa. Wengine huita mafunzo ya nyanjani, na wanafunzi wa vyuo wamezoea kusema atachimenti. Muda wake huweza kuwa miezi mitatu, sita au mwaka mmoja. Mwanagenzi si kibarua, kwa maana amekuja kujifunza. Wala si mgeni, kwa maana ana zamu, ana kazi zake na ana mkubwa wa kumwuliza.

Pengine mtasema, "Kijana wangu ana cheti cha chuo cha ufundi, uanagenzi wa nini tena?" Cheti ni kitu kizuri, lakini mwajiri huogopa asichokijua. Akimwona kijana anayetumia kiti cha magurudumu, au asiyesikia, huanza kujiuliza maswali: Atafikaje hapa? Tutazungumzaje naye? Akiumia itakuwaje? Cheti hakijibu maswali hayo, ila siku sitini za kazi huyajibu. Mwajiri huona kwa macho yake kwamba kijana afika mapema, na kwamba alama chache za mikono zatosha kupeana maagizo. Hofu huondoka yenyewe, bila hotuba.

Kijana naye hufaidika. Wengi wa vijana hawa wamekaa nyumbani miaka mingi wakifanyiwa kila kitu. Kuamka saa kumi na moja, kupanda matatu, kupokea amri, kukosolewa mbele ya wenzake na kurudi tena kesho yake, mambo hayo hayafundishwi kwa kitabu. Hujifunzwa kwa kuyafanya.

JAMBO HILI SI GENI KENYA

Mwaka 1955 Shirika la Kazi la Kimataifa lilitoa pendekezo kwa nchi zote juu ya kuwafundisha kazi watu wenye ulemavu. Hapa kwetu, mwaka 1964, mwaka mmoja tu baada ya Uhuru, Serikali iliweka kamati chini ya Bwana Ngala Mwendwa, aliyekuwa Waziri wa Kazi, ichunguze hali ya watu hao. Mwaka 1968 Serikali ikatoa waraka wa siasa yake juu ya jambo hilo, na baadaye vikajengwa vituo vya kuwafundisha ufundi. Kile cha Nairobi kilianza mwaka 1971.

Hapa Pwani twajua mfano ulio karibu zaidi. Chama cha Watu Wenye Ulemavu wa Viungo, kiitwacho APDK kwa kifupi, kilianzishwa mwaka 1958. Mwaka 1969 kilifungua karakana za Bombolulu, upande wa kaskazini wa Mombasa. Humo watu wenye ulemavu wametengeneza mapambo, vitu vya ngozi, nguo, vinyago vya mbao na hata viti vya magurudumu, na watalii wamevinunua. Bombolulu ilionyesha tangu zamani kwamba mikono hii yaweza kutengeneza kitu ambacho mtu wa mbali atakitolea fedha bila kuonewa huruma.

Lakini karakana moja haiwezi kuwachukua vijana wote wa Pwani. Wengi wao lazima wapate kazi katika mahali pa kawaida, pamoja na watu wengine. Hapo ndipo uanagenzi unapohitajika.

MFANO KUTOKA MBALI

Mwaka 1996, katika mji wa Cincinnati huko Marekani, hospitali moja ya watoto ilikuwa na taabu. Sehemu ya wagonjwa wa dharura ilihitaji watu wa kuhakikisha kwamba kabati za vifaa zimejaa kila saa, lakini wafanyakazi waliofanya kazi hiyo hawakudumu. Msimamizi wa sehemu hiyo akafikiri juu ya vijana wenye ulemavu wa akili. Wakafundishwa kazi hiyo kwa utaratibu, kila kitu mahali pake na kila siku kwa mpango ule ule, nao wakaifanya vizuri.

Kutokana na hayo ukazaliwa mpango uitwao Project SEARCH, ambao sasa umeenea katika nchi kadhaa. Kijana hukaa mahali pa kazi karibu mwaka mzima, akipitia sehemu tatu mbalimbali za kazi, na mwalimu yuko naye pale pale. Mwisho wa mwaka hujulikana ni kazi gani inayomfaa zaidi.

Mfano huu una mafunzo mawili kwetu. La kwanza, ulianza na haja ya mwajiri, si na huruma. Kazi ilikuwapo na mtu alitafutwa. La pili, kijana hakutupwa tu kazini. Palikuwa na mtu wa kumwongoza mpaka akazoea.

SHERIA YASEMAJE?

Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 54, yasema kwamba mtu mwenye ulemavu ana haki ya kutendewa kwa heshima, kuingia katika mahali pa watu wote, na kutumia lugha ya ishara, maandishi ya Braille au njia nyingine imfaayo. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yakataza mwajiri kumbagua mtu kwa sababu ya ulemavu wake.

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2003 ndiyo iliyounda Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu. Ilisema pia kwamba watu hao waweza kuchukuliwa kuwa wanagenzi, na ilimpa mwajiri wa kampuni binafsi nafuu ya kodi kwa mshahara aliomlipa mfanyakazi au mwanagenzi wa namna hiyo. Mwaka 2025 sheria mpya ilichukua nafasi yake. Sheria hiyo mpya yamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi atenge angalau asilimia 5 ya nafasi za kazi kwa watu wenye ulemavu. Mwajiri atakaye kujua nafuu za kodi zilizopo sasa na aulize katika ofisi ya Baraza na ya Mamlaka ya Mapato.

Tena, Sheria ya Fidia kwa Majeraha ya Kazini ya mwaka 2007 yamhesabu mwanagenzi aliyeandikishwa kwa mkataba kuwa mfanyakazi. Ndiyo sababu twasisitiza hapa chini kwamba mapatano yaandikwe.

KAZI ZILIZO KARIBU NASI

Msifikiri kwamba uanagenzi uko Nairobi tu. Mtu akisimama hapa Kombani, penye njia panda ya Kwale, Likoni na Ukunda, kazi ziko pande zote. Hoteli za Diani zina jikoni, dobi, bustani, stoo na simu za kupokea wageni. Kwale kuna ofisi za kaunti. Kuna maduka ya pembejeo, mafundi wa jua kali, wenye kuku wa mayai, na wenye vitalu vya miche. Vyuo vya ufundi, kama kile cha Ukunda, hupeleka wanafunzi wao kazini, na kijana mwenye ulemavu ana haki ya kupelekwa kama wenzake.

Jambo kubwa ni kuilinganisha kazi na mtu. Tutoe mifano michache:

Kijana asiyesikia aweza kufanya karibu kila kazi ya mikono: useremala, ushonaji, upishi, ufugaji wa kuku. Penye mashine, wekeni taa ya kumwonya badala ya kengele, na wenzake wajifunze ishara ishirini au thelathini za kazi.

Kijana asiyeona aweza kuchambua korosho kwa vidole, kukanda unga, kupokea simu, na kutumia kompyuta isomayo kwa sauti. Debe la kupimia likatwe alama pembeni apate kuzigusa, na kamba ifungwe kutoka mlangoni mpaka mahali pa kazi. Muhimu kuliko yote ni kwamba kitu kisihamishwe mahali pake bila yeye kuambiwa.

Kijana mwenye ulemavu wa miguu aweza kubebesha miche ya miembe ya ngowe na boribo akiwa ameketi. Kitalu kikiinuliwa juu ya meza, hafiki mtu wa kumshinda kwa sababu ya miguu. Aweza kupima mazao, kuandika vitabu vya chama cha ushirika, au kutengeneza simu na redio.

Kijana mwenye ulemavu wa akili apewe kazi moja kwanza, kwa mpango ule ule kila siku, na picha za hatua zibandikwe ukutani. Akiimudu, aongezewe ya pili. Kuokota mayai, kuyafuta na kuyapanga katika trei ni kazi nzuri ya kuanzia.

Kijana mwenye ualbino si mgonjwa, ila jua ni adui yake. Apangiwe kazi ya kivulini, avae kofia pana na mikono mirefu. Baraza la Taifa lina mpango wa kugawa mafuta ya kukinga ngozi, na aulize.

Kijana mwenye kifafa atumie dawa zake bila kuruka siku. Asipande mnazi, wala asifanye kazi peke yake karibu na kisima, moto au mashine ya kukata. Kazi nyingine nyingi aweza kuzifanya, na wenzake waonyeshwe jinsi ya kumsaidia akianguka.

HATUA ZA KUFUATA

1. Ulizeni kijana mwenyewe anataka kazi gani. Wazazi wengi humchagulia mtoto kazi kama wamchaguliao kitambaa cha nguo. Kijana asiyeipenda kazi hatadumu, awe na ulemavu au asiwe nao.

2. Mwandikisheni. Kijana hupimwa hospitalini, kama ile ya Msambweni, kisha Baraza la Taifa humwandikisha. Bila kuandikishwa huenda akakosa nafasi na misaada iliyotengwa kwa ajili yake. Baraza pia lina mfuko wa kusaidia vifaa, karo na zana za kazi. Hakikisheni kitambulisho cha taifa kimo tayari.

3. Tafuteni nafasi mapema. Anzeni na mtu mnayemjua: mwenye duka la pembejeo mnakonunua mbegu, fundi anayewatengenezea pampu, mpishi wa hoteli anayenunua mboga zenu. Ulizeni pia juu ya mipango ya Serikali. Mwaka 2016 ulianza mpango wa KYEOP kwa fedha za Benki ya Dunia, ambao ulifundisha vijana kisha ukawapeleka kwa waajiri au kwa mafundi stadi. Mpango wa NYOTA uliofuata huchukua vijana wa miaka 18 hadi 29, lakini kwa wenye ulemavu umri hufika 35.

4. Nendeni mkapaone mahali pa kazi kabla ya siku ya kwanza. Tazameni mlango, ngazi, choo, na njia ya kutoka stejini. Mara nyingi dawa ni ubao mmoja wa kupandishia kiti cha magurudumu, au kuhamisha meza.

5. Andikeni mapatano. Karatasi moja yatosha: kazi atakazofundishwa, tarehe ya kuanza na ya kumaliza, saa za kazi, posho au nauli, nani atakuwa mwelekezi wake, na nani atagharimia matibabu akiumia. Kijana atie sahihi mwenyewe au kidole chake.

6. Achaguliwe mwelekezi mmoja. Si lazima awe mkubwa wa ofisi. Mfanyakazi mwenye subira, aliye karibu naye siku nzima, ndiye afaaye zaidi.

7. Tazameni maendeleo kila mwezi. Mwelekezi, kijana na mzazi wakae pamoja nusu saa. Ajua nini leo asichokijua mwezi uliopita? Nini kinamshinda, na chaweza kubadilishwaje?

8. Mwisho wa muda, apewe barua yenye kutaja kazi alizozifanya, si barua ya kusema tu kwamba "alikuwa kijana mzuri". Kama amejifunza ufundi, aweza kufanya mtihani wa ufundi wa NITA, ambao huanza daraja la tatu na kupanda mpaka la kwanza. NITA ina chuo Mombasa.

HESABU YA GHARAMA

Mkulima mwenye busara hapandi kabla hajajua bei ya mbegu. Basi tufanye hesabu ya mfano. Tuseme nauli ya kwenda na kurudi ni shilingi 200 kwa siku, na chakula cha mchana shilingi 100. Jumla ni shilingi 300 kwa siku. Kwa siku 22 za kazi katika mwezi ni shilingi 6,600, na kwa miezi mitatu ni shilingi 19,800.

Fedha hizi si kidogo, na vijana wengi huacha uanagenzi katikati kwa sababu ya nauli, wala si kwa sababu ya kazi kuwashinda. Kwa hiyo zipangwe mapema. Mwajiri aombwe kutoa nauli au chakula. Chama cha ushirika au kikundi cha akina mama chaweza kumkopesha. Mkulima aweza kutenga mazao ya minazi michache au ya kuku wachache kwa ajili hiyo tu. Kumbukeni kwamba kijana asiyeona huenda akahitaji mtu wa kumsindikiza siku za kwanza, na nauli yake nayo ihesabiwe.

MAMBO YA KUEPUKA

Kuna waajiri wachache wanaomchukua mwanagenzi ili wapate mtu wa kufagia bure. Miezi sita yapita, kijana hajashika chombo cha kazi hata mara moja, kisha huletwa mwingine. Huo si uanagenzi. Mkiona kazi zilizoandikwa katika mapatano hazifundishwi, semeni mapema na mwajiri. Asiposikia, nendeni kwa ofisi ya kazi au kwa Baraza la Taifa.

Kuna pia mwajiri mwema kupita kiasi, ambaye humwambia kijana, "Wewe keti tu, upumzike." Huyu naye humharibu, kwa maana humrudisha nyumbani na mikono mitupu. Kijana apewe kazi ya kweli, akosolewe akikosea, asifiwe akifanya vema.

Na kuna mzazi mwenye hofu. Siku ya tatu kijana arudi amechoka, na mama asema, "Basi mwanangu, usiende tena." Kila mtu huchoka siku ya tatu. Mwacheni amalize mwezi mmoja kwanza. Hofu hii ni kubwa zaidi kwa wasichana, na si bila sababu. Basi jueni ni nani anayefanya kazi naye, atarudi saa ngapi na kwa chombo gani. Akitendewa lisilo adabu, lisifichwe kwa kuogopa aibu. Kumfungia nyumbani si ulinzi, ni kumnyima haki yake.

NANYI WAKULIMA PIA NI WAAJIRI

Tusiwatazame wenye hoteli peke yao. Mkulima mwenye kitalu cha miche, kuku mia mbili au mashine ya kusaga naye ni mwajiri. Aweza kumchukua mtoto wa jirani kwa miezi mitatu na kumfundisha. Tena huenda akapata faida asiyoitazamia, kwa kuwa kitalu kilichoinuliwa juu ya meza kwa ajili ya kijana mwenye ulemavu wa miguu humpumzisha mgongo mkulima mwenyewe, na debe lenye alama humfaa hata mwenye macho wakati wa magharibi.

Wazee wetu walisema, hujafa hujaumbika. Mtu mzima wa leo aweza kuanguka mnazini kesho, na mwenye kuona leo aweza kupoteza macho kwa maradhi. Anayemfungulia njia kijana wa jirani aitengeneza njia ambayo yeye mwenyewe, au mtoto wake, pengine ataipita. Walisema pia kwamba kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Chombo kimoja kikikosekana, mhunzi hutafuta njia nyingine, na kazi huendelea.

Kabla mvua za masika hazijaanza na kila mtu kushikwa na jembe, kaeni na vijana wenu, waulizeni wanataka kazi gani, kisha mtafute mtu mmoja tu atakayekubali kuwafundisha. Mwajiri mmoja, kijana mmoja, miezi mitatu: hapo ndipo pa kuanzia.